Mahari ya Shingo Ndefu

Mjukuu wangu alipoulizwa anataka mahari gani, alijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wote waliozaliwa mji huu wa London, na jibu lake likawafanya wanawake wa Barking wangojee dhahabu ambayo haikuwapo.

Aliyemwuliza alikuwa mke wangu, kwa simu, jikoni kwetu Walthamstow, mkono mmoja umeshika mwiko. Mimi nilikuwa mezani na kitabu. Kwetu hatufungi ndoa mpaka mwari mwenyewe aulizwe, maana mahari ni haki yake, si ya baba yake wala ya babu yake. Baba wa mtoto huyu, mwanangu, alifariki naye hajaanza skuli. Kwa hiyo walii wake ni mimi. Nimemlea, nimemsomesha Kurani na fiqhi kidogo pamoja na watoto wengine waliokuwa wakija sebuleni kwangu Jumamosi, na ulimi wa kumwozesha ni huu wangu.

Mke wangu alifunika simu kwa kiganja. Uso ulikuwa unamng'aa.

"Anasema anataka longi neki."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Neklesi ndefu, mzee! Mkufu wa kufika kitovuni. Mtoto ana macho huyu, kamtazama bibi yake."

Nikasema Alhamdulillahi, nikarudi kitabuni. Kabla ya Magharibi habari ilikuwa imefika Barking kwa shemeji yangu, dada yake mke wangu, na kwake yeye habari hailali njaa. Usiku simu yetu ilijaa picha za mikufu.

Bwana harusi ni Mwingereza, muuguzi katika hospitali ile ile anayofanyia kazi mjukuu wangu. Alikuwa amesilimu miaka kadhaa kabla hawajajuana, nami nilikuwa nikimwona safu ya nyuma msikitini, kijana mrefu anayeinama kupita mlango hata pasipo haja ya kuinama. Anakaa Tottenham. Mtu mpole. Sikuwa na neno naye.

Jumamosi moja alikuja kwetu pamoja na mjukuu wangu, amebeba kasha jeusi, refu, limebinuka upande mmoja. Mke wangu alilitazama lilivyokuwa linapita kwenye korido yetu nyembamba likigonga ukuta, akaninong'oneza:

"Dhahabu gani hii inakuja kwenye kasha la bunduki?"

Kijana akaliweka juu ya zulia, akafungua vifungo. Ndani yake mlikuwa na banjo. Duara lake jeupe mfano wa ungo mdogo, na shingo yake ndefu, ndefu kuliko ya gitaa lolote nililopata kuliona. Mjukuu wangu akapiga magoti pembeni yake, akasema kwa Kiingereza kwamba hiyo ndiyo longi neki yake, yaani shingo ndefu. Wapigaji wa banjo, alisema, huiita hivyo aina hiyo.

Mke wangu alikaa kitako. "Yaa Rabbi. Na nimeshawaambia watu!"

Mimi sikucheka. Wakati ule sikuweza. Nilimwuliza kijana ngozi iliyowambwa pale ni ya mnyama gani, maana kama ni ya nguruwe basi hata zuliani isingekaa. Mjukuu wangu akatafsiri. Kijana akaonyesha wasiwasi, akagonga kwa ukucha.

"Plastiki, Babu."

"Plastiki?"

"Ya zamani ilikuwa ya ndama. Ilipasuka."

Nilimtaka anieleze chombo kimetoka wapi, nikidhani maelezo yatakuwa mafupi. Akaeleza kwa muda, na mjukuu wangu akatafsiri, na alipochoka kutafsiri nikamwambia nimefahamu. Baba yake kijana aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Baba huyo alikuwa fundi wa matofali, na jioni akienda kwenye vilabu vya nyimbo za asili, watu wa kawaida wakiimba nyimbo za mabibi zao, za wachimba makaa na mabaharia na wasichana walioachwa.

"Vilabu hivyo vilikuwa wapi?" niliuliza.

"Juu ya baa," alisema. Kisha akaona uso wangu. "Juu, Babu. Orofani. Si ndani."

Mke wangu akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

Shingo ilirefushwa, alisema, kwa ajili ya waimbaji wenye sauti nene, ili nyuzi zishuke chini ziwafuate walipo, wasilazimike wao kupanda. Baba yake alikuwa na sauti hiyo. Nyuma ya shingo palikuwa na mahali rangi imelika mpaka mti mtupu, pale kidole gumba cha marehemu baba yake kilipokuwa kikipita. Na huko nyuma zaidi, alisema, chombo chenyewe hakikuwa cha Wazungu. Watu weusi waliopelekwa Marekani kwa minyororo walikiunda upya kwa kibuyu na ngozi na uzi, kwa kukumbuka tu, maana hawakuruhusiwa kubeba kitu. Wazungu walijifunza kwao, kisha wakasahau walijifunza kwa nani.

Nimekulia Unguja, na skuli nilikuwa nikienda kwa kupita karibu na mahali palipouzwa watu. Sisi tulikuwa tukipita haraka. Hakuna mwalimu aliyetusimamisha pale akatwambia lolote.

Kijana, labda kwa kutaka kunionyesha, akagusa uzi mmoja mfupi ulioanzia katikati ya shingo. Mlio wake ulikuwa mkavu, wa juu, na ukafa haraka. Mke wangu, aliyekuwa amekwenda kutazama chungu, akatoka jikoni na kifuniko mkononi.

"Gambusi!" alisema. "Mzee, si gambusi hilo?"

Si gambusi, lakini nami nilisikia alichosikia yeye. Ami yangu alikuwa nalo, limewambwa ngozi ya mbuzi, na akilipiga barazani watu wa mtaa walikuwa wakija na viti vyao. Baada ya Mapinduzi alilitundika ukutani na hakuliteremsha. Hakuna aliyemkataza. Alisema tu kwamba vidole vimepoa. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma kwa shehe ambaye alitufunza kuwa nyuzi zote ni haramu, na nikaona Mungu amemwongoa ami. Sikumwuliza yeye anaonaje.

"Hii haiwezi kuwa mahari," nilisema.

Nikawaeleza sababu kwa utaratibu, kama ninavyoeleza darasani. Katika vitabu nilivyosomeshwa, chombo cha nyuzi ni cha upuuzi, na kitu ambacho haifai kukitumia hakihesabiwi mali, na kisichokuwa mali hakiwi mahari. Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtoto wa adabu.

"Babu, si ulitusomesha kwamba hata pete ya chuma yatosha kuwa mahari?" alisema kwa Kiingereza. "Ndani ya banjo mna pete ya chuma. Nzima, inazunguka yote. Afungue akuonyeshe?"

"Hiyo ni hila. Nilikusomesha pia kuhusu hila."

Kijana alikuwa anatutazama kwa zamu. Mjukuu wangu akashusha macho, akafunga kasha taratibu, kifungo baada ya kifungo. Halafu akasema, na sasa kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake kinachotembea kwa vidole:

"Sawa, Babu. Nitangoja."

"Utangoja nini? Nikahi ni Ijumaa. Ukumbi umeshakodiwa."

"Nitakungoja wewe."

Angelikuwa amekasirika ningelijua la kufanya. Nimewashinda wengi waliokasirika. Lakini subira hiyo nilimfunza mimi, na sikuwa nimejiandaa kukutana nayo usoni.

Wiki ile sikutulia. Nilikuwa nikiamka, natia udhu, nasali, na nikimaliza siwezi kukaa na tasbihi. Nilishuka sokoni, soko letu lile refu la barabarani, nikalitembea kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, nikirudishiwa salamu na wauza vitambaa nisiokumbuka kuwa nimewasalimia. Mke wangu alinituma kotimiri nikarudi na mnanaa. Akanituma tena, nikarudi mikono mitupu. Akaacha kunituma.

Nilivitoa vitabu vyote rafuni. Niliyoyajua niliyakuta pale pale: kwamba mahari yakiharibika ndoa yenyewe haianguki, na mke hupewa mahari ya wenziwe, yaani ya wanawake wa daraja lake. Nikafikiri, basi, hapo ndipo pa kutokea. Nimwozeshe, na banjo ihesabiwe haikutajwa, naye adai dhahabu kama wenziwe. Kisheria ilikuwa sawa. Lakini kila nilipofunga kitabu niliona kuwa ninatafuta mlango wa kutokea bila kumsikia mtoto anachosema, kisha nilimwambia yeye ndiye mwenye hila. Nikasali istikhara, sala ya kumwomba Mungu anichagulie. Haikunijia ndoto wala utulivu. Kuna watu wakisali istikhara hulala kama watoto. Mimi nilikuwa nasikia mabasi yakipinda kona mpaka adhana ya Alfajiri ilipolia kwenye simu.

Jumatano asubuhi mke wangu alinikuta nimesimama dirishani na kikombe kilichopoa.

"Kaa," alisema.

"Sina pa kukaa."

"Viti vinne hapa. Kaa, nikwambie." Nikakaa. "Ulimwuliza kwa nini anakitaka chombo kile?"

"Kitu chake mchumba wake. Mapenzi."

"Hukumwuliza. Mimi nilimwuliza jana." Akavuta kiti. "Kijana alitaka kuiuza. Tangu mwanzo, kabla mimi sijaropoka habari ya mkufu. Aliona haya kumwoa mtoto wa watu kwa mahari madogo, na kitu cha thamani alichonacho ni hicho tu cha baba yake. Basi mtoto kamwambia, nipe chenyewe. Kikiwa mahari ni changu, na kikiwa changu hakuna wa kukiuza, si wewe, si mama yako, si babu yangu. Unayajua maneno hayo ni ya nani?"

Niliyajua. Niliyasema kila mwaka, sebuleni, kwa wasichana waliokuwa wakichezea pindo za mitandio yao nikidhani hawanisikii.

"Na sasa," aliendelea, "umekataa, na dada yangu huko kawasimulia watu mkufu hadi umekuwa na vito. Kijana kayasikia. Leo mchana anaipeleka dukani kuiuza anunue huo mkufu. Mtoto hajui. Kaniambia mama yake kijana."

"Leo?"

"Leo, mzee. Leo hii."

Nikachukua koti. Lakini, Mungu anisamehe, sikwenda Tottenham moja kwa moja. Sikuweza kuukunja msimamo wa umri mzima kwa sababu mjukuu ananingoja. Hayo yangekuwa matamanio ya nafsi, si dini. Nilikwenda kwanza Barking kwa rafiki yangu, shehe mwenzangu, mtu wa Lamu, tuliyesoma naye vitabu vile vile kwa mashehe mbalimbali. Alikuwa jikoni kwake anamenya mihogo.

"Shehe mzima?" alisema. "Uso huo umefiwa?"

Nikamwambia yote nikiwa wima. Nilipofika kwenye mkufu alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Kumbe! Mke wangu kashanunua miwani mipya kwa ajili ya mkufu huo."

"Mimi sina kicheko, ndugu yangu. Chombo cha nyuzi kinakuwaje mahari?"

"Wewe umeulizwa mahari, hukuulizwa ngoma."

"Maana yake?"

"Maana yake mtoto hakukwambia, Babu nipigie. Hakukwambia, Babu njoo usikilize. Kakwambia, hiki nikimiliki. Wapo waliosema mbao zake na chuma chake ni mali kama mbao na chuma chochote, na kauli hiyo unaijua kuliko mimi. Dhaifu?"

"Dhaifu kidogo."

"Kidogo. Kuna ndoa ngapi hapa London tumezifunga kwa kauli dhaifu kidogo?" Akachukua muhogo mwingine. "Akikipiga, ni yeye na Mola wake. Asipokipiga, ni mbao. Wewe kazi yako inaishia kwenye kumpa haki yake."

"Mimi rai yangu kuhusu nyuzi sijaibadilisha."

"Nani kakwambia uibadilishe? Kaa nayo! Ikuzeekee. Lakini usimzeeshe nayo mtoto."

Sikungoja chai. Alinifuata hadi mlangoni na muhogo mkononi akiniuliza nimegombana na kiti chake au vipi.

Treni ilisimama kati ya vituo, kama zinavyosimama siku ambazo mtu ana haraka, na sauti ikatuomba radhi bila kutwambia kwa nini. Nilibadilisha, nikashuka Tottenham, nikakosea mtaa. Majengo yale ya baraza la mji yanafanana, na mimi nilikuwa nimefika mara moja tu, usiku, na gari la watu. Nilimwuliza mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na kitoroli cha sokoni. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, "Ule pale, papa, wenye milango ya buluu," akanitazama ninavyohema, akaniambia nipande polepole, mlango hauna miguu.

Lifti ilikuwa mbovu. Nilipofika juu, kijana alikuwa mlangoni amevaa koti, kasha jeusi mkononi, funguo mdomoni. Alizitoa mdomoni haraka kwa heshima.

"Babu?"

Kiingereza changu ni cha dukani na hospitalini. Nikasema nilichoweza.

"Irudishe ndani. Hiyo ina mwenyewe."

Hakuelewa. Nikaona bora nitumie mkono. Nikashika mpini wa kasha, yeye kaushika, na tulisimama hivyo sote wawili tumelishika kasha juu ya ngazi, mpaka nikasema neno alilolijua, maana alikuwa amelisikia wiki nzima: mahari. Akaachia. Akageuza uso upande wa ukuta. Mimi nikatazama ngazi ili apate nafasi, na nikamshukuru Mungu kwamba lifti mbovu haikunichelewesha zaidi.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kwetu walii anaweza kusema "kwa mahari mliyokubaliana" na kupita, na watu wakaitikia amina bila kujua ni nini. Wengi hufanya hivyo. Sikutaka kujificha nyuma ya maneno hayo. Nilimshika kijana mkono, nikasema nimekuozesha mjukuu wangu, kwa mahari ya banjo yake aliyoirithi kwa baba yake, kwa mbao zake na chuma chake. Nyuma yangu mtu alikohoa. Rafiki yangu wa Lamu alikuwa shahidi, akaangalia dari. Kijana akasema, "Nimekubali kumwoa kwa mahari hayo," kila neno limesimama peke yake, amelifanyia mazoezi.

Kisha nilimpeleka upande wa wanawake amwombee mkewe dua, mkono kichwani, kama ada yetu. Tulivua viatu mlangoni. Kasha lilikuwa limeshatangulia. Mke wangu alitaka liwekwe juu ya sinia chini ya kitambaa cha kudarizi, na kwa vile sinia halikutosha aliweka masinia mawili. Shemeji yangu alikuwa mbele kabisa.

"Haya, mkufu uko wapi? Tumekuja na miwani!"

"Huo hapo," mke wangu akasema, akavuta kitambaa. "Nilisema mrefu. Wewe umeona mrefu kuliko huu?"

Kicheko kilipanda hadi vigelegele vikaingia humo humo. Shemeji yangu akaizunguka ile banjo kama mtu anayenunua mbuzi. "Umenipata, dada, umenipata. Basi ipigwe! Mkufu huu wa kusikilizwa. Ipigwe tuisikie!"

"Ipigwe! Ipigwe!" wakaitikia, na mikono ikaanza kupiga.

Nilikuwa nimeshalipanga hili tangu asubuhi. Nitatoka kimya kimya, nisimharibie mtu furaha yake wala nisikae penye nyuzi. Nikarudi mlangoni, nikainama kutafuta viatu vyangu katikati ya vile vya wanawake, nikavaa cha kulia.

Kijana alikuwa amekwishaishika banjo. Makofi yakakoma. Lakini vidole vyake havikugusa uzi. Alimgeukia mkewe, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusu, kwa kuwa sasa ni yake.

Mjukuu wangu aliangalia banjo, akaangalia wanawake, halafu akanitafuta kwa macho mpaka akaniona pale mlangoni.

"Si leo," alisema, kwa Kiswahili, wote wasikie.

"Aaa! Kwa nini?" shemeji yangu akalalamika.

"Ni yangu, Bibi. Na leo haipigwi."

Kijana akainamisha kichwa, akairudisha ndani ya kasha, akabana vifungo. Mmoja wa wanawake akaanza kaswida na wengine wakaidaka. Nami nilikuwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na sijui nilisimama pale muda gani nisijue nivae hiki cha pili au nivue kile cha kwanza.